Mbwa Mmoja, Majina Mawili

Ukisikia mtu kanunua mtoto wa mbwa, kamlisha, kamchanja, anamlaza nyumbani kwake, halafu eti mbwa bado si wake peke yake, utacheka. Usicheke upesi. Jambo hilo lina historia.

Uingereza ya zamani, vikundi vya kuwinda mbweha viliwagawia wakulima watoto wa mbwa wawalee. Mkulima alitoa chakula na ua, akavumilia kuku wake wakinyakuliwa. Mbwa akishakua, alirudishwa bandani kwa wawindaji. Shukrani yake, mbwa akishinda siku ya maonyesho, pengine kijiko cha fedha! Lakini hapo hapakuwa na utata: mbwa ni wa wawindaji, mkulima ni mlezi tu.

Utata uliletwa na karatasi. Mwaka 1873 ilianzishwa Kennel Club kule London, na mwaka 1884 American Kennel Club huko Marekani. Ukoo wa mbwa ukawa wa kuandikwa vitabuni. Thamani ya jike ikawa ni watoto atakaozaa, na jina la mfugaji litakalosafiri nao. Basi ukazuka ujanja wa kuuza mbwa na kulibakiza tumbo lake. Mnunuzi anapewa jike kwa bei nafuu, pengine bure. Cheti kinabeba majina yao wawili. Mfugaji anachagua dume la kumpanda, na watoto wakizaliwa anachukua fungu lake.

Sikatai, faida ipo. Mfugaji hawezi kujaza banda kwa kila binti wa mbwa wake, na kijana asiye na hela anapata mbwa wa ukoo pamoja na mwalimu. Hata kwetu mkulima hukopeshwa mtamba, akarudisha ndama jike wa kwanza. Ila ndama akirudi deni limekwisha, ng'ombe ni wako. Jina la pili kwenye cheti cha mbwa haliondoki hivihivi. American Kennel Club hudai saini za wamiliki wote ndipo mbwa ahamishwe, na ugomvi wenyewe huwaachia mahakama.

Je, jike akipasuliwa wakati wa kuzaa, nani anamlipa daktari? Watoto wote wakifa, mfugaji anadai uzao mwingine? Mkataba usiposema, bili inaangukia yule ambaye mbwa amelala sebuleni kwake.

Waingereza wana njia nyingine. Mfugaji anauza mbwa moja kwa moja, lakini anaacha zuio kwenye kumbukumbu: watoto wa mbwa huyo wasiandikishwe mpaka yeye mwenyewe aliondoe.