Swali la Posa na Jibu la Maabara

Huko Buswahili, kama kwingi mkoani Mara, ng'ombe wa mahari hawahami zizi kabla wazee hawajauliza: ukoo ule una kifafa? Una wazimu? Swali hilo huwaumiza vijana wanaopendana, lakini limetokana na macho ya vizazi vingi, na macho hayo hayakukosea: maradhi makubwa ya akili hujirudia katika baadhi ya familia.

München, Ujerumani, nako walianzia kwenye familia. Mwaka 1916 daktari wa akili Ernst Rüdin alichapisha hesabu zake juu ya ndugu wa wagonjwa wa maradhi tunayoyaita leo skizofrenia. Kilichofuata ndicho kinachotenganisha Mara na München. Mara, ukoo uliokataliwa huenda kuposa kwingine. Ujerumani ilitunga sheria Julai 1933, Rüdin akashiriki kuiandikia ufafanuzi, na watu wapatao 400,000 wakafungwa kizazi kwa nguvu.

Maabara ya leo inawasahihisha wazee wa Mara na Rüdin vilevile. Utafiti wa mwaka 2022 ulitaja sehemu 287 za jenomu zinazohusiana na skizofrenia. Nyingi huongeza hatari kidogo mno, na kila mmoja wetu amebeba kadhaa. Ukoo safi haupo. Jeni ya C4, ambayo uhusiano wake na skizofrenia ulifafanuliwa mwaka 2016, kazi yake inayojulikana ni ya kinga, kuvitia alama vijidudu ili viliwe. Ndani ya ubongo, inaelekea hutia alama viungio vya seli vinavyopaswa kupogolewa ujanani. Wakulima wa kahawa wa Tarime wanajua kupogoa hulea mti, na kuzidisha huudhoofisha. Ndiyo maana, pengine, ugonjwa huu hujitokeza mara nyingi katika umri uleule wa kuposa na kuposwa.

Neno wazimu lina shina moja na mzimu. Kwa hiyo nasi, kama maabara, tulimtafuta aliyetangulia, ila mzimu una kinyongo na hutulizwa, ukoo mzima ukikusanyika kumzunguka mgonjwa. Jeni haina kinyongo, wala haimkusanyi mtu.

Mradi wa NeuroGAP-Psychosis, unaochunguza jeni za maradhi makubwa ya akili, umekusanya mate ya watu Ethiopia, Uganda, Afrika Kusini na Kenya, Eldoret na Kilifi zikiwemo, kwa kuwa sampuli nyingi za tafiti za awali zilikuwa za watu wenye asili ya Ulaya. Tanzania haikuwemo, ingawa Wakurya wa Mara wanaishi pande zote mbili za mpaka wake na Kenya. Fomu ya ridhaa husainiwa na mtu mmoja. Mate yake yana habari za shangazi, binamu na wajukuu ambao hawajazaliwa, na kwa desturi ya Mara habari hizo ni za ukoo.