Barua inayorudi: kutoka Jadotville hadi .cd

Wasikilizaji wetu wa Kambove, na ninyi jamaa mlioacha makwenu kwa sababu ya vita, wengi mmeniuliza jambo moja: barua pepe niliyomwandikia ndugu yangu imerudi na maneno ya Kiingereza, je, amekufa? Barua kurudi haisemi hivyo. Ni mashine inayoongea juu ya anwani, na habari yake ina historia, nyingine ya hapa kwetu.

Jimbo letu linajua anwani zinazokufa. Jadotville ikawa Likasi. Élisabethville ikawa Lubumbashi mwaka wa 1966. Katanga ikaitwa Shaba wakati nchi ilipochukua jina la Zaire. Bahasha yenye jina la zamani ilifika ikiwa mtu wa posta alikumbuka. Halafu mwaka wa 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, maelfu wakalala stesheni wakingoja treni. Barua iliyofika nyumbani mwao baada ya hapo ilikuta mtu mwingine mlangoni.

Kompyuta haina mzee wa posta anayekumbuka. Zaire ilikuwa na herufi zake kwenye mtandao, .zr. Tarehe 17 Mei 1997 utawala wa Kinshasa ulianguka, nchi ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mwaka huo ikapewa .cd. Herufi za zamani hazikuondolewa siku ile. Zilifutwa mwaka wa 2001. Aliyeendelea kuandika kwa .zr alirudishiwa barua yake upesi, kwani jina hilo halikuwepo tena.

Kurudishiwa upesi ni afadhali. Kanuni za barua pepe, alizoandika Jon Postel mwaka wa 1982, zinatumia namba. Jibu linaloanza na 4 maana yake si sasa, jaribu tena. Linaloanza na 5 maana yake haiwezekani. Kwa 4, seva inaweka barua kwenye foleni na kurudia kuituma. Kanuni za mwaka wa 1989 zilishauri isikate tamaa kabla ya siku nne au tano. Huku kwetu, umeme ukikatika usiku kucha, uvumilivu huo umeokoa barua nyingi.

Lakini uvumilivu huo huo unaziba foleni. Tapeli anatuma takataka kwa kujificha nyuma ya anwani ya uongo. Seva inapokea kwanza, ndipo inagundua kwamba mwenye kuandikiwa hayupo. Inaandika barua ya kurudisha, lakini kule inakoipeleka hakuna mtu anayejibu, basi inajaribu siku tano. Wahandisi wa zamani waliona sehemu ya shida hii: barua ya kurudisha haina jina la mtumaji, ili mashine mbili zisirudishiane milele. Hata hivyo foleni inabaki imejaa.

Redioni kwetu ilitupata. Tangazo la mama mmoja wa Mitwaba anayetafuta watoto lilikawia siku tatu nyuma ya marundo hayo. Fundi alifanya mambo mawili. Kwanza, seva ikague jina mlangoni, isipokee barua ya mtu asiyekuwepo. Kumkatalia mgeni kizingitini si sawa na kumkaribisha kisha kumtoa. Pili, akapunguza siku za barua za kurudisha peke yake. Programu ya Postfix, ya Wietse Venema, iliyotolewa mwaka wa 1998, inaruhusu kutenganisha siku hizo na zile za barua za kawaida.

Basi mkiletewa barua iliyorudi, tafuteni namba. Ikiwa 4, ngojeni, kisha mtume tena. Ikiwa 5, mara nyingi anwani imekosewa au imefungwa: ulizeni nyingine, au nendeni Msalaba Mwekundu, ambako wa kujitolea hutafuta mtu kwa miguu, na wasipomwona hukurudishia karatasi yako. Mkija redioni, leteni ujumbe mzima. Wengi hukata sehemu ya chini, na namba iko huko.