Bia ya nyumbani: namna raia wa Uingereza na Marekani walivyorudishiwa haki ya kupika pombe yao

Wakaaji wa Kivu wanaijua pombe ya nyumbani tangu zamani. Kasikisi ya ndizi na unga wa mtama imepikwa vijijini kabla ya chupa ya Primus kufika, na hata leo katika kartie nyingi, na kati ya familia za wahami, kuna mama ambao bidoni moja ya kasikisi ndiyo inawapatia unga wa jioni. Wengi wanafikiri kwamba wazungu wao wananunua tu bia ya kiwanda. Historia inaonyesha vingine.

Huko Uingereza, kwa karne nyingi, bia ilikuwa kazi ya nyumba kama vile mkate. Wanawake walilowesha shayiri mpaka iote, wakaikausha ikawa kimea, wakaichemsha na kuichachisha. Zamani kimea kilikaushwa kwa moto wa kuni, kwa hiyo bia ilitoka nyeusi na yenye harufu ya moshi. Katika karne ya 17 watu walianza kutumia makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza ili kuondoa moshi. Kimea kikatoka cheupe, na bia yake ikaitwa pale ale, maana yake bia yenye rangi hafifu. Mji wa Burton upon Trent ulipata sifa kwa bia hiyo, kwa sababu maji ya visima vyake yana madini ya jasi yanayofanya uchungu wake uwe safi mdomoni.

Lakini viwanda vilikua, na serikali ikataka kodi. Mwaka wa 1880, waziri mkuu William Gladstone aliondoa kodi ya kimea na kuiweka juu ya bia yenyewe. Tangu hapo mtu aliyepika bia nyumbani alipaswa kuwa na leseni. Maskini aliyepikia familia yake akajikuta chini ya jicho la mkaguzi, na desturi ya mababu ikapungua sana.

Sheria hiyo ilidumu miaka 83. Mwaka wa 1963, waziri wa fedha Reginald Maudling aliifuta leseni kwa wale wanaopika bia ya kunywa wenyewe. Kuiuza bila ruhusa kulibaki marufuku. Baadaye maduka yalianza kuuza vifaa vya kupikia: kopo la kimea kilichochemshwa mpaka kikawa kizito kama asali, pamoja na pakiti ndogo ya hamira.

Kazi yake si ngumu. Kimea cha kopo kinayeyushwa katika maji ya moto, kinaongezwa sukari kilo moja hivi, kisha maji mpaka ndoo ifike lita 23. Ikipoa, hamira inamwagwa juu. Baada ya wiki moja hivi povu linatulia, bia inawekwa katika chupa na sukari kidogo ili ipate gesi. Mwenye haraka hupata hasara: bia ikifungwa kabla haijamaliza kuchacha, chupa zinapasuka. Na ndoo isiyooshwa vizuri inatoa siki.

Marekani walipita njia ndefu zaidi. Kati ya 1920 na 1933 pombe ilikatazwa nchi nzima. Lakini kimea cha kopo kiliuzwa wazi madukani, eti ni cha kuokea mikate, na watu wengi wakapikia bia jikoni kwa siri. Katazo lilipoondolewa, divai ya nyumbani iliruhusiwa, bia ikasahauliwa katika sheria. Ni tarehe 14 Oktoba 1978 tu ndipo rais Jimmy Carter aliposaini sheria ya kuiruhusu, galoni 200 kwa mwaka, sawa na lita 757 hivi, kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Majimbo ya Alabama na Mississippi yalikubali mwaka wa 2013.

Kutoka jikoni kulizaliwa viwanda. Ken Grossman, mpishi wa bia ya nyumbani huko Chico, California, alifungua duka la vifaa hivyo mwaka wa 1976. Miaka michache baadaye alianzisha kiwanda cha Sierra Nevada kwa mitambo mikuukuu ya maziwa. Mapishi kadhaa ya kwanza ya pale ale yake yalimwagwa kwa sababu hayakumridhisha. Leo bia hiyo inajulikana duniani.

Katika nchi zote mbili, sheria ilitenganisha kuchachisha na kutonesha. Pombe kali ya kutonesha, ndugu ya lutuku yetu, haikuruhusiwa kupikwa nyumbani bila leseni, kwani ikipikwa vibaya inaweza kupofusha macho na hata kuua.

Tofauti kubwa inabaki moja. Mwingereza na Mmarekani walirudishiwa haki ya kunywa walichopika, si ya kukiuza. Kwa mama wa Kivu anayebeba bidoni kwenda sokoni, kuuza ndiko kunakolisha watoto.