Sheria ya Montana ya Kuzuia Rushwa za Uchaguzi (1912)

Sheria iliyopitishwa kwa kura ya wananchi wa jimbo la Montana, Marekani, kukataza kampuni kutumia fedha zake kumpigia debe au kumpinga mgombea. Chimbuko lake ni shaba. Matajiri wa migodi ya mji wa Butte walikuwa na sauti kubwa serikalini, na mmoja wao, William A. Clark, alituhumiwa mwaka 1899 kuwahonga wabunge wa jimbo, ambao ndio waliochagua maseneta enzi hizo. Alijiuzulu useneta mwaka 1900. Cha ajabu, mwaka uliofuata alirudi Seneti na kumaliza muhula mzima.

Sheria ilidumu karibu karne moja. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Citizens United, iliamua kwamba kampuni kutumia fedha katika siasa bila kushirikiana na mgombea ni uhuru wa kujieleza. Mahakama ya Juu ya Montana ilishikilia sheria yake Desemba 2011, ikitaja historia hiyo ya migodi. Hoja nzito, lakini haikufua dafu: tarehe 25 Juni 2012, katika kesi ya American Tradition Partnership dhidi ya Bullock, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, iliutengua uamuzi huo bila kusikiliza mawakili.

Majimbo bado yanaweza kuzuia kampuni kumchangia mgombea moja kwa moja, na kudai matumizi yatangazwe.