Ernst May: Msanifu wa Mji, kutoka Frankfurt hata Kampala

Sifa ya mjenzi wa nyumba moja hukaa katika kuta zake. Kazi ya msanifu wa mji haipimiki hivyo, kwani hutegemea pia mamlaka aliyopewa, na watu wanaohesabiwa kuwa ndio wenyeji wa mji. Maisha ya Ernst May, aliyefanya kazi Ulaya na Afrika ya Mashariki, yadhihirisha jambo hilo waziwazi.

May alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1886. Katika ujana wake alijifunza kazi Uingereza kwa Raymond Unwin, bingwa wa mitaa yenye bustani. Mwaka 1925 meya wa Frankfurt, Ludwig Landmann, alimkabidhi usimamizi wa ramani za mji pamoja na majengo yake. Wakati huo watu wengi walikuwa hawana makao ya kufaa, kwa sababu ya shida iliyofuata vita vya 1914 hata 1918. Fedha za kujengea zilitoka kwa sehemu katika kodi iliyotozwa majumba ya zamani tangu 1924. Kwa hiyo msanifu hakuwa na kalamu tu. Alikuwa na ardhi, fedha na amri.

Katika miaka mitano zilijengwa nyumba zaidi ya 10,000. Mitaa ya Römerstadt na Praunheim ilienea katika bonde la mto Nidda, na huko Praunheim baadhi ya kuta zilisimamishwa kwa mabamba ya zege yaliyotengenezwa kabla. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky, mmoja wa wasaidizi wake, alibuni jiko la eneo lisilofika meta 7 za mraba, ambamo kila chombo kiliwekwa karibu na mkono wa mpishi. Hata hivyo kodi ya nyumba hizo iliwashinda wengi wa maskini wenyewe waliokusudiwa.

Mwaka 1930 May alikwenda Urusi ya Kisovieti pamoja na kundi la wenziwe, akashughulikia miji mipya ya viwanda kama Magnitogorsk. Alipoondoka huko, Ujerumani ilikuwa mikononi mwa Manazi, naye kwa kuwa na asili ya Kiyahudi hakuweza kurejea kwao. Mwaka 1934 alifika Tanganyika akalima shamba karibu na Arusha, kisha akafungua ofisi Nairobi. Vita vilipozuka Waingereza walimweka kizuizini kwa kuwa ni Mjerumani, wakamwachilia mwaka 1942.

Mwaka 1945 serikali ya Uganda ilimtaka achore ramani ya kupanua Kampala, kwenye vilima vya Kololo na Naguru. Ustadi ulikuwa ule ule: barabara zilifuata mteremko wa kilima, na majani mabichi yalitenga mtaa na mtaa. Lakini mitaa hiyo iligawanywa kwa rangi za watu: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Tena Kibuga, makao ya Kabaka na ya Waganda wengi, kilikuwa chini ya serikali ya Buganda, nje ya mamlaka ya mji wa Kampala. Frankfurt, mkaazi alikuwa raia aliyechagua baraza la mji wake. Kampala, Mwafrika alipangiwa makao na wengine.

Haitoshi kusema kwamba May alibadilika tabia. Vilima vya Kampala alivipima kwa elimu ile ile aliyoitumia Nidda. Kilichobadilika ni swali aliloulizwa. Wala hilo halimwondolei lawama, kwani ramani ile ilitoka mkononi mwake, naye aliitetea kwa maandishi.

May alirejea Ujerumani mwishoni mwa 1953, akafariki Hamburg mwaka 1970. Mkoloni ameondoka, lakini barabara iliyokwisha kuchimbwa haifutiki pamoja na bendera. Kwa hiyo atakaye kuandika tarehe ya mji wo wote wa Afrika ya Mashariki na asitosheke na jina la aliyeuchora. Na atafute pia ni nani aliyeagiza, na ni nani ambaye hakuulizwa.