Mizani ya Bridget Jones: Kujikubali Kama Suala la Umbo

Mwaka 2001 mwandishi wa riwaya Beryl Bainbridge alizibeza riwaya za mapenzi na ucheshi za wanawake vijana wa Uingereza kuwa ni povu tu, na mwandishi mwenzake Doris Lessing akamuunga mkono. Wahakiki wa mrengo wa kifeministi wamezisoma kwa makini zaidi, lakini nao wengi wanailaumu Bridget Jones's Diary ya Helen Fielding (1996): wanadai kwamba Bridget hujikubali pale tu mwanamume anapomkubali. Makala hii inapinga misimamo yote miwili.

Kwamba Fielding aliazima kiunzi cha Pride and Prejudice ya Jane Austen, na kwamba Bridget alizaliwa katika safu ya gazeti la The Independent mwaka 1995, hakuna anayebisha. Kinachopuuzwa ni tarakimu. Katika shajara yake Bridget huanza siku kwa kuorodhesha uzito, pombe, sigara na kalori, kisha hujitolea hukumu ndani ya mabano. Tarehe 1 Januari ana ratili 129, yaani kilo 58 na ushei. Shabaha yake ni 119, kama kilo 54. Mwezi Aprili, baada ya miaka 18 ya kujinyima, anaifikia. Anakwenda kwenye sherehe akitarajia sifa, lakini watu wanamwambia anaonekana kachoka. Baadaye rafiki yake Tom anamweleza kwa simu kwamba alipendeza zaidi alivyokuwa awali.

Tukio hili ndilo kitovu cha riwaya. Lengo limefikiwa, na furaha haikuja. Hata hivyo Bridget haachi kujipima. Mwandishi wa mawaidha angemfanya aitupe mizani siku hiyohiyo. Fielding anajua kwamba mazoea ya miaka 18 hayafi kwa usiku mmoja. Kinachobadilika polepole ni uzito wa hukumu, na ushahidi uko kwenye majumuisho ya mwisho wa mwaka. Karibu uzito wote uliopungua umerudi, na kati ya maazimio lukuki ya Januari limetimizwa moja tu. Bado Bridget anauhesabu mwaka huo kuwa wa maendeleo. Tarakimu ni zilezile. Hakimu ndiye aliyebadilika.

Litaulizwa swali: na Mark Darcy, mpenzi wa Bridget, je? Kauli yake mashuhuri kwamba anampenda Bridget jinsi alivyo imetoka kwenye filamu ya 2001, na wahakiki kadhaa wameisoma riwaya kwa miwani ya filamu hiyo. Ni kweli kwamba hata kitabuni anamsifu kwa kutojikwatua kama wanawake wengine anaowajua. Lakini sifa hiyo haikomeshi kuhesabu, na neno la mwisho ni la Bridget mwenyewe, kwa kalamu yake.

Kuanza upya nako kumo ndani ya umbo lenyewe la shajara. Shajara humlazimu mwandishi wake afungue ukurasa mwingine hata kama jana alianguka, na ucheshi humwezesha kuusimulia mwanguko huo bila kujidharau. Sioni riwaya makini ya Kiingereza ya muongo ule iliyolieleza jambo hili kwa ufasaha zaidi.

Riwaya pendwa ina haki ya kusomwa ukurasa kwa ukurasa kama riwaya nyingine yoyote. Mhakiki asiyekuwa tayari kwa kazi hiyo asiitolee hukumu.