Uzi: Kabla hujasema "wavamizi wa Mau", jua ule mpaka umesogezwa mara ngapi

Kila uchaguzi ukikaribia, na hata usipokaribia, Msitu wa Mau unarudi kwa mjadala kama deni la dukani. Mmoja anasema watu watoke, mito inakauka na wanyama wanaisha. Mwingine anamjibu kwamba hao ni watu wetu na wana hatimiliki. Siku hizi kuna wa tatu ambaye amekuja na dawa mpya: utalii wa mazingira. Tujenge vibanda vya wageni kando ya msitu, vijana wa Bomet na Kericho wawe waongozaji, watalii waje kuona mbega na kunywa chai, kila mtu apate kitu.

Sitataja mwanasiasa wala chama. Ukitaja wewe huko kwa majibu, nitakupita tu. Mimi nataka tuongee kuhusu mstari mmoja, ule unaotenganisha msitu na shamba. Wengi huku wanauita katilaini.

Jiografia kidogo kwanza, maana watu wengi wanabishana bila ramani.

Mau ni karibu hekta 400,000, vipande 22. Kericho na Bomet zimeegemea upande wa magharibi na kusini magharibi. Chai inataka mvua isiyokatika na ubaridi, na msitu ndio unaoleta hivyo vyote. Humo ndani inatoka Itare na Kipsonoi, zinazoungana kuwa Sondu na kwenda Ziwa Victoria. Unatoka pia Nyangores, unaoteremka hadi Tenwek, mahali ambapo hospitali imetumia maporomoko yake kuzalisha umeme tangu miaka ya 1980, halafu unapita Bomet. Mbele huko unakutana na Amala. Ikishaungana, jina linabadilika: unaitwa Mara.

Ndiyo, ile Mara yenyewe. Kilomita 395, kupitia hifadhi ya Maasai Mara, Serengeti, mpaka ziwani upande wa Tanzania. Nyumbu zaidi ya milioni moja wanaupigania huo mto wakati wa kiangazi kwa sababu hakuna mwingine wa maana usiokauka. Wale nyumbu mnaowaona wakivuka kwa video wanavuka maji ya Bomet. Hilo liweke akilini, tutalirudia tukifika kwa pesa.

Sasa historia. Mwanzoni mwa karne iliyopita serikali ya kikoloni ilichukua ardhi ya Wakipsigis kuzunguka Kericho, watu wakasukumwa kwa rizavu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza sehemu yake wakapewa maafisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani, walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka na mradi ukafa ndani ya miaka michache. Ungedhani hapo ardhi ingerudi kwa wenyewe. Haikurudi. Katikati ya miaka ya 1920 wakaingia Brooke Bond na James Finlay, na ndiyo mwanzo wa hii chai kubwa unayoiona ukipita barabara ya Kericho.

Miaka ya 1930 yakaja mambo mawili zaidi. Mwaka 1934 ukoo wa Talai, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ulitungiwa sheria yake maalum na kuhamishiwa Gwassi, kule karibu na ziwa, wazee kwa watoto. Na katika muongo huohuo Mau ikatangazwa msitu wa serikali. Waogiek, waliokuwa wakiishi humo kwa asali na uwindaji, tume ya ardhi ya wakati huo ikapendekeza wahamishwe wachanganywe na makabila mengine. Hakuna aliyewauliza.

Kwa hivyo angalia picha ilivyokaa. Huku chai ya kampuni, kule msitu wa serikali, na kati yao rizavu inayozidi kujaa watu. Mistari yote miwili ilichorwa na mkono mmoja, lakini kwa siasa yetu haikutendewa sawa hata siku moja. Nitaeleza.

Uhuru ukaja. Baadhi ya mashamba ya wazungu yakagawanywa, hasa upande wa Sotik, na wakulima wadogo wakazidi kupanda chai. KTDA ikaanza mwaka 1964, na leo viwanda kama Kapkoros, Tirgaga, Mogogosiek na Litein vinalisha familia nyingi sana. Lakini yale mashamba makubwa ya makampuni hayakuguswa. Watu wakaongezeka, ardhi haikuongezeka. Kijana akikosa shamba kwao Bomet, mahali palipobaki pa kutazama ni wapi? Msituni.

Mwaka 1986 serikali ikaja na wazo ambalo mimi nalipa heshima nusu. Shirika la Nyayo Tea Zones likaundwa lipande ukanda wa chai kuzunguka misitu, kama mita mia moja hivi kwa upana, uwe ua. Mtu hatavuka chai kwenda kukata miti, na wenyeji watapata kazi ya kuchuma. Kuna mahali ua huo umeshikilia kweli, nenda uone. Lakini fikiria: ili kuulinda msitu, ulikatwa ukanda wa msitu. Na chai haikaushwi kwa jua, viwanda vinachoma kuni. Mlinzi naye anakula.

Halafu 2001. Hapa msipite haraka, kwa sababu hapa ndipo neno "mvamizi" linapoharibika.

Mwaka huo serikali ilitoa kwenye hifadhi zaidi ya hekta 61,000 za Mau kwa tangazo rasmi. Kusini Magharibi mwa Mau, yaani upande wetu huu, zilitolewa karibu hekta 22,800. Sababu iliyotajwa ni kuwapa makao Waogiek na waliofurushwa na ghasia za miaka ya 1990. Baadhi walipata. Lakini jopo lililochunguza baadaye, lililotoa ripoti yake 2009, lilikuta ardhi nyingi imeishia kwa watu ambao hawakukusudiwa, wakiwemo wakubwa wenye majina. Kufikia hapo Mau ilikuwa imepoteza kama robo yake.

Upande wa Narok, kwenye Maasai Mau, mchezo ulikuwa tofauti kidogo. Ranchi za pamoja zilizopakana na msitu zilipogawanywa, mipaka ikanyooshwa kwenda ndani ya msitu, vipande vikauzwa, na wanunuzi wengi walitoka Bomet na Kericho. Mtu aliuza ng'ombe, akachukua mkopo wa chai, akapewa hatimiliki yenye muhuri wa ofisi ya serikali. Huyo unamwita mwizi? Mimi namwita mtu aliyeuziwa mali ya wizi na karani wa serikali akiwa shahidi. Ukitaka kumtoa, mtoe, lakini anza na aliyetia muhuri.

Tulianza na nani? 2005, Maasai Mau, watu wakatolewa na nyumba zikachomwa. 2009, Kusini Magharibi, familia zikakaa kwa mahema kando ya msitu. 2018 na 2019, Maasai Mau tena, na shule za msingi zikafungwa. Kila mara aliyebeba godoro kichwani ni mkulima mdogo. Wakubwa waliotajwa kwa ripoti walikuwa na mawakili.

Na Waogiek wakachanganywa kwenye hesabu hiyohiyo. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao, na kwamba uhifadhi wa msitu hauwezi kuwa sababu ya kuwafukuza, maana si wao walioumaliza. Mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi milioni 157.85 na warudishiwe ardhi yao. Mwaka uliofuata, Novemba 2023, Waogiek wa Sasimwani wakabomolewa nyumba. Soma hizo tarehe tena polepole.

Sasa najua kuna mtu anaandika: "Lakini babu zetu walinyang'anywa!" Kweli kabisa. Wakipsigis na Talai walipeleka kesi yao Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2022, na wana haki ya kuipeleka. Lakini shamba lililonyang'anywa babu yako liko chini ya chai ya kampuni. Haliko Maasai Mau, wala haliko chini ya miti ya mianzi kule juu. Deni ni halali, aliyeandikiwa bili ndiye siye. Kwa miaka sitini hivi, kila kiongozi aliyehitaji ardhi ya kutuliza watu alisogeza mstari wa msitu, kwa sababu msitu hauna wakili na hauuzi dola ng'ambo. Mstari wa chai ya kampuni ulibaki palepale. Katiba ya 2010 ilipunguza mikataba ya wageni kutoka miaka 999 hadi 99, sawa. Kisha kati ya 2023 na 2024 mashamba makubwa ya Kericho na Bomet yakauziwa kampuni moja ya Sri Lanka. Yaani ardhi ilibadilisha mikono, na sisi huku tulikuwa tukigombania katilaini.

Turudi kwa utalii sasa, maana ndiyo ahadi ya msimu huu.

Vivutio vipo, sibishi. Kuna Chagaik, bwawa na bustani ya miti ndani ya chai ya Kericho, na mbega wanarukaruka humo. Kuna maporomoko ya Tenwek. Ndani ya Mau kuna ndovu, na kuna bongo wa mlimani, yule swala mkubwa mwekundu mwenye mistari myeupe, ambaye porini hapatikani nchi nyingine yoyote ila Kenya. Wamebaki chini ya mia. Mwaka 2004 tulirudishiwa bongo 18 kutoka bustani za wanyama za Marekani. Mnyama wetu, tunatumiwa kwa ndege!

Lakini bongo ni mnyama wa kujificha. Mtalii anaweza kukaa wiki nzima asimwone. Anayewaambia vijana kwamba vibanda kumi vya wageni vitachukua nafasi ya bonasi ya chai hajapiga hesabu, au amepiga na hataki kuionyesha.

Pesa ya utalii wa Mau tayari ipo. Inalipwa kilomita nyingi chini ya mto. Tangu Julai 2024, mgeni wa kutoka nje analipa dola 200 kwa siku kuingia Maasai Mara msimu wa nusu ya pili ya mwaka. Pesa ya lango ni ya Kaunti ya Narok. Mwenye shamba kando ya Nyangores, anayeambiwa asilime hadi ukingoni, asikate mti, asichunge ng'ombe msituni, na avumilie ndovu akila mahindi yake, fungu lake ni lipi? Sheria ya wanyamapori ya 2013 inaahidi hadi shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama. Waulize waliowasilisha fomu wamengoja muda gani.

Na si kwamba haiwezekani. Naivasha walijaribu: wakulima wa maua wanaotegemea ziwa walichangia kuwalipa wakulima wadogo wa juu, bonde la Malewa, ili watunze udongo na kingo za mto. Fedha kidogo, lakini kanuni ni ileile. Anayekunywa maji anamlipa anayeyatunza. Kati ya Bomet na Narok hakuna utaratibu kama huo, na kila Septemba 15 tunaadhimisha Siku ya Mara na Watanzania kwa hotuba na miche.

Kwa hivyo mgombea akija Mulot, Longisa au Litein akasema "utalii wa mazingira", usimpigie makofi bado. Muulize asilimia ngapi ya lango la Mara itapanda mto kuja huku. Muulize Waogiek watakaa upande gani wa mstari. Muulize kama yuko tayari kuongea juu ya ule mstari mwingine, wa chai. Akijibu hata moja kati ya hayo, nitagi.